Atakayesimama Amejitoa

Tatizo la mbio za magari ni moja tu, na nililiona siku ya kwanza nilipoziangalia: hakuna anayeshuka daraja. Timu inaburuza mkia mwaka mzima, gari lao linapitwa na kila mtu, linapitwa hata na yale yaliyokwisha kulipita mwanzo, halafu mwakani ukiwasha televisheni unawakuta palepale, rangi mpya, tabasamu lilelile. Hee! Nikauliza mgahawa mzima, "Hawa wanabaki hapa kwa kipaji gani?"

Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, kwenye mgahawa wa supu karibu na stendi ya Makambako, ambako mwenye mgahawa ameweka king'amuzi ili wateja wasiondoke wakimaliza bakuli. Dereva mmoja wa lori la mbao aliyekuwa anangoja lori lake lizibwe pancha akanijibu bila kugeuka, "Dada, huo ni mchezo wa matajiri. Tajiri hashuki."

"Basi si mashindano," nikamwambia. "Ni harusi. Kwenye harusi ndiyo kila mtu anakaa pale alipopangiwa."

Watu wakacheka, mimi nikawa nimeshakasirika. Ndivyo nilivyo. Kitu kisichonihusu kikienda kombo kinaniuma kama kimefanyika sebuleni kwangu. Mume wangu, ambaye ni fundi seremala na mtu mpole, husema nilizaliwa na kesi mkononi.

Jioni ileile nikachukua daftari la hesabu la mwanangu lililobaki kurasa, nikapiga mstari katikati. Upande mmoja nikaandika Ligi Kuu, upande wa pili Daraja la Kwanza. Timu kubwa nikazipanga kulia. Kushoto nikawaweka wale vijana wa magari madogo wanaokimbia mapema kabla ya mbio zenyewe, ambao watu wengi huwa hata hawawaangalii. Sheria yangu ilikuwa fupi: msimu ukiisha, wawili wa mwisho kulia wanashuka, wawili wa kwanza kushoto wanapanda. Hakuna cha rangi mpya wala tabasamu.

Kila Jumapili ya mbio nikaenda na daftari mgahawani. Mwanzoni walinicheka. Baada ya mwezi mmoja walikuwa wananisubiri. Maana huko mbele, kwa wanaoshinda, mambo yalikuwa yaleyale, anaongoza yule aliyeongoza juzi. Lakini kule nyuma, Mungu wangu! Gari la nane na la tisa likawa jambo la kufa na kupona. Watu wazima wanasimama juu ya viti kwa ajili ya gari ambalo mtangazaji hajalitaja hata mara moja. Mama mwenye mgahawa alijichagulia timu ya mwisho kabisa, kwa huruma tu, na ilipomaliza msimu ikiwa imeshuka kwenye daftari langu, alikoroga supu na macho yamejaa maji. Nikamwambia, "Mama, kule kwao hawajui kama wameshuka." Akanijibu kwamba hata kama hawajui, yeye anajua.

Sasa niseme kwa nini jambo hili lilinikaa rohoni kiasi kile, maana gari la mbio sijawahi hata kuligusa.

Mimi ni dereva wa bodaboda. Mwanamke, ndiyo. Abiria wakishangaa huwa nawaambia pikipiki yenyewe haijawahi kuniuliza. Wakati ule Makambako upande wetu kulikuwa na vijiwe viwili. Kijiwe cha stendi kilikuwa chini, barabarani, pale mabasi ya Njombe na Songea yanaposhusha watu, na abiria wanakuja wenyewe na mabegi yao. Kijiwe cha juu kilikuwa karibu na mashine ya kupasulia mbao, upepo unapuliza vumbi la paini mpaka kwenye meno, na unaweza kukaa kutwa ukabeba mtu mmoja na kuku wake. Nafasi za stendi zilikuwa kumi. Aliyeipata haachi. Akiugua anampa mdogo wake, akihama anampa shemeji. Mimi nilikuwa kijiwe cha juu mwaka wa nne, naendesha vizuri kuliko nusu ya watu wa chini, na kila mtu alijua, na haikubadilisha chochote. Nilichokuwa nakitaka ni kushuka pale stendi kwa haki yangu, bila kumwangukia mtu magoti.

Kwa hiyo vijiwe viwili vilipoitwa kwenye mkutano wa pamoja kuhusu reflekta na mambo ya usalama, nilikwenda na daftari. Mwenyekiti, ambaye alikuwa mtu wa stendi tangu stendi haijawekwa lami, alipouliza kama kuna mengineyo, nikasimama.

"Ile ligi ya magari tunayoifuata mgahawani," nikasema, "tuifanye yetu, kwa pikipiki. Kumi wa stendi ndiyo Ligi Kuu. Kumi wa juu ndiyo Daraja la Kwanza. Mbio moja kila mwezi, miezi sita. Wawili wanashuka, wawili wanapanda, wanabadilishana vijiwe."

Mwenyekiti akacheka kwa pua. "Mwamba ngoma huvutia kwake," akasema.

"Ndiyo, navutia kwangu. Wewe umevutia kwako miaka mingapi?"

Ukumbi ukalipuka. Lakini kicheko hakipigi kura, na ningeondoka pale na daftari langu kwapani kama asingesimama mtu mmoja. Alikuwa Mkinga mmoja wa kutoka Iwawa, mtu wa stendi, ndiye aliyenifundisha pikipiki. Alijifunzia mwenyewe kwenye miteremko ya mashamba ya viazi, kwenye baridi ile ya Makete ambayo vidole vinasahau kama ni vyako, akibeba magunia mawili nyuma. Mimi nilipomfuata na kumwambia nataka kujifunza, wenzake walimtania wiki nzima. Yeye akasema mtu anayetaka kujifunza hafukuzwi, basi. Miezi mitatu ya masika alinizungusha kwenye tope, hakunidai hata soda, ila alinitukana vya kutosha. "Nyinyi Wabena mnaendesha kama mmebeba mayai," alikuwa akipiga kelele. "Vuta mafuta, dada! Hakuna yai!"

Akasimama, akavuta koti lake, akasema, "Kama siwezi kuwashinda watu wa juu, sistahili kukaa chini." Akakaa.

Alikuwa amewamaliza. Nani sasa atasema anaogopa? Kila mmoja wa stendi aliamini kwamba hawezi kushindwa na watu wenye vumbi la mbao masikioni, sembuse na mwanamke, na dharau yao hiyo ndiyo iliyonisaidia kuliko hoja zangu zote. Mikono ikapanda. Nikachaguliwa katibu papo hapo, kwa kuwa ndiye niliyekuwa na daftari.

Uwanja tukapewa na mzee mmoja aliyekuwa amevuna shamba lake la miti nje kidogo ya mji. Visiki vimebaki, lakini njia za malori ya magogo zilikuwa zinazunguka kilima chote mpaka kijitoni na kurudi. Tukaripoti polisi na serikali ya mtaa, tukamwomba nesi wa zahanati aje na boksi lake, tukaweka watu wa bendera kwenye kila kona. Asiye na kofia ngumu haendeshi. Nilisimamia hilo kwa ukali, na kuna mmoja hajanisamehe mpaka leo.

Mbio za kwanza zilikuwa za Ligi Kuu. Zilichelewa kuanza kwa sababu ilibidi tuombe, na aliyepewa kuomba akaombea na mvua za mwaka mzima, halafu kila mtu akasalimiana na kila mtu, kamwene, kamwene, za nyumbani, mama anaendeleaje na mgongo. Hatimaye nikashusha bendera. Wakaondoka kwa kishindo, wakapotea nyuma ya kilima. Mimi nikabaki kwenye mstari na daftari langu na kalamu mkononi.

Mzunguko wa mwisho akatokea mmoja. Akamaliza, akainua mikono, akageuka kuangalia nyuma, hakuna mtu. "Nimewaacha hivyo?" akauliza. Uso wake ulikuwa unang'aa. Tukasubiri. Nikaanza kuogopa. Nikamwambia nesi ashike boksi lake vizuri.

Kisha wakaja. Wote tisa, wamejipanga, mwendo wa maandamano, na katikati yao yupo mmoja aliyejaa tope kutoka kichwani mpaka viatuni, wanamsindikiza. Alikuwa ameteleza kwenye kona ya kijito. Aliyekuwa nyuma yake akasimama akavua kofia akasema, "Pole, kaka." Aliyefuata akasimama: "Pole sana. Umeumia?" Wa tatu akasimama kusaidia kunyanyua pikipiki, wa nne kumpangusa suruali, wa tano kuuliza ilikuwaje. Mtu wa bendera naye akaacha bendera yake chini akaenda kutoa pole.

"Nani wa pili?" nikauliza.

"Wote," akasema Mkinga wangu. "Andika wote wa pili."

Nilipandwa na hasira mpaka nikatupa kalamu. "Mnafanya mashindano au mnafanya msiba?"

Lakini hata mimi nilijua. Kwetu huku huwezi kumpita mtu aliyeanguka. Hata kama unawahi treni. Mtu akikohoa tunampa pole, akinyeshewa pole, akibeba mzigo unaomtosha vizuri tu, pole. Ukimpita mtu yuko chini, watu watasema jina la ukoo wako kabla ya la kwako. Wale jamaa hawakufikiria. Miguu yao ilikanyaga breki yenyewe. Katika dunia nzima ya mbio nadhani ni sisi tu tungeweza kufanya kosa lile, na kulifanya kwa heshima kubwa kiasi kile.

Mkutano ukaitwa. Niliandika sheria usiku wa kuamkia siku hiyo na nikaisoma nimesimama: Mtu akianguka atahudumiwa na wenye bendera na nesi. Mpanda pikipiki atakayesimama amejitoa, na hapati pointi.

Mkinga akainua mkono. Safari hii hakuwa upande wangu. "Dada, mtu yuko chini nimpite kama gogo?"

"Kuna nesi, kaka."

"Nesi si mimi."

"Sikiliza. Ukisimama kwenye kona, wa nyuma yako hakuoni. Anakuja na moto wake wote, anakukanyaga wewe na huyo unayempa pole. Hicho kisimamo chenu ndicho kitakachoua mtu. Msaada ni bendera inayopungwa, siyo watu tisa wanaopangusana suruali."

Hoja yangu ilikuwa ya kweli, na nilijua kuisema. Wakapiga kura, nikashinda. Yeye akatikisa kichwa, akasema sheria ni sheria, ila hana uhakika kama miguu yake inajua kusoma. Watu wakacheka tukafunga mkutano.

Msimu ule wa kwanza nilimaliza wa pili katika Daraja la Kwanza. Sikubahatisha, msiniambie bahati. Nilikuwa nimezunguka lile shamba la miti kila Jumamosi nikiwa na gunia la mchanga nyuma, mpaka nikajua kila kisiki kwa sura yake. Jumatatu iliyofuata nikashuka stendi saa kumi na mbili asubuhi, ukungu bado umelala barabarani, nikaegesha pikipiki yangu kwenye mstari wa wale kumi. Aliyeshuka kunipisha, kati ya wawili walioshuka, alikuwa mwenyekiti. Aliyeko juu mngoje chini! Nilimsalimia kwa adabu zote, nikamwelekeza mahali pa kukaa kule juu ambapo upepo haupigi sana. Nyumbani wanangu wakaanza kuuliza kama kila siku ni sikukuu, maana nyama ilikuwa inaonekana katikati ya wiki. Mume wangu akanitengenezea kibao, akachonga namba yangu. Nilitembea mjini nikiwa nimenyoosha shingo, na sitaomba radhi.

Msimu wa pili, ambao ulikuwa mwaka jana, ulinifundisha kwamba kupanda ni kitu kimoja na kubaki ni kingine. Wale jamaa wa Ligi Kuu walikuwa wameamka. Hakuna tena aliyeniona mwanamke. Waliniona mtu anayetaka nafasi yao, wakaniendeshea hivyo. Pointi zilikuwa rahisi, wa kwanza kumi, wa mwisho moja, asiyemaliza sifuri. Mwezi wa kwanza nikapata tatu. Wa pili, tatu. Nilikuwa napumulia mashine.

Mtu niliyemkuta huko mkiani alinishangaza. Mkinga. Yeye ambaye kwa uendeshaji alistahili kuwa wa tatu au wa nne siku yoyote. Lakini mara mbili katika msimu ule mtu alianguka mbele yake, na mara zote mbili alisimama. Akashuka, akatoa pole, akanyanyua pikipiki ya mtu, akapanda ya kwake na kuja mpaka kwenye mstari, akatazama mkono wangu ukiandika sifuri. Mara ya pili nilimwambia, "Kaka, unajishusha mwenyewe."

"Andika," akasema. "Si ndiyo kazi yako?"

Niliandika. Kalamu ilikuwa nzito siku ile, lakini niliandika, maana nikianza kumfumbia macho yeye, kesho ni shemeji, keshokutwa tumerudi kulekule kwa kupeana nafasi.

Mpaka mbio za mwisho, nafasi moja ya kushuka ilikuwa imeshapata mwenyewe, jamaa mmoja ambaye pikipiki yake ilikuwa inalala kwa fundi kuliko kwake. Ya pili ilikuwa kati yangu na mwalimu wangu. Tulikuwa sawa kwa pointi. Atakayemaliza mbele ya mwenzake anabaki stendi, atakayemaliza nyuma anapanda kilimani kwa wapasua mbao. Hesabu yote ilikuwa hiyo.

Siku moja kabla tulikutana kwenye kituo cha mafuta. "Kesho nakurudisha," akaniambia. "Ukale vumbi la paini. Uliwazoea wale."

"Thubutu!" nikamwambia. "Andaa koti, kule juu kuna upepo."

"Mimi wa Iwawa unanitishia upepo?"

Tulicheka mpaka mwenye pampu akacheka. Nilikuwa nampenda yule mtu kama kaka yangu wa tumbo moja, na nilitaka kumshinda kuliko nilivyowahi kutaka kumshinda mtu yeyote.

Siku ya mbio kulinyesha manyunyu, yale ya kwetu yasiyolowesha koti ila yanafanya udongo kuwa sabuni. Mizunguko sita. Tangu wa kwanza alikuwa mbele yangu, na sikuweza kumpita, kwa sababu kila nilichojua nilikijua kutoka kwake, na kila upenyo niliouona alikuwa ameshauziba. Mzunguko wa nne, wa tano, bado naona mgongo wake na tope linaniruka usoni. Nikasema moyoni, basi, nimekwisha, nitarudi juu. Nilikuwa nimeanza hata kupanga nitakavyomwambia mume wangu.

Mzunguko wa mwisho, kwenye kona ya kijito, gurudumu lake la nyuma likapanda mzizi wa kisiki. Pikipiki ikamrusha. Niliona akiruka, niliona akitua kwa bega, na pikipiki ikateleza ikamlalia mguu. Yote hayo kwa muda wa kufumba na kufumbua. Mtu wa bendera alikuwa hatua kama thelathini, ameshaanza kukimbia.

Mkono wangu ulilegeza mafuta wenyewe. Nisiseme uongo, mguu wangu ulikuwa tayari juu ya breki. Nilipunguza mwendo mpaka tukatazamana; kofia yake ilikuwa imefunguka kioo na macho yake yalikuwa wazi, ananitazama. Hakuita. Hakuinua mkono. Nikapiga kelele kwa sauti yangu yote, "Pole, kaka!" nikavuta mafuta, nikapita.

Mpaka mstarini nililia na kucheka ndani ya kofia. Niliona aibu na furaha kwa pamoja, na katika zile mbili furaha ilikuwa kubwa zaidi. Nilimaliza wa saba. Nimebaki. Mume wangu akanikumbatia na tope langu lote, watu wa kijiwe cha juu wakapiga vigelegele, lakini wapo pia waliosimama tu wakinitazama, na miongoni mwao alikuwa mama mwenye mgahawa wa supu. Nesi akatuambia ni mfupa wa bega. Mkinga akapelekwa hospitali Njombe jioni ileile, na jina lake nililiandika mwenyewe kwenye ukurasa wa walioshuka.

Jumapili ya pili yake, baada ya ibada, nilikwenda kwake na jogoo na debe la unga. Mke wake akanipokea vizuri, akaniwekea kiti, akaingia jikoni. Mwalimu wangu alikuwa amekaa kwenye kochi, mkono umefungwa kifuani.

"Pole, kaka," nikasema.

"Hiyo ulishanipa," akasema. "Niliisikia." Na akacheka mpaka bega likamuuma.

Tukazungumza mambo mengine, mvua, bei ya vipuri, ndugu zake wa Iwawa na viazi vyao. Nilikuwa nimejiandaa. Angenilaumu ningemjibu, nilikuwa na majibu yangu yote: mtu wa bendera alikuwa pale, nesi alikuwa pale, nyuma yangu walikuwa wanakuja wawili. Nimejaliwa mdomo, kila mtu anajua. Chakula kilipoletwa, akanawa mkono ule mmoja, akasema taratibu, "Mimi ningesimama."

"Najua, kaka."

"Sikulaumu. Nakwambia tu."

Nilikula ugali wao nikiwa nimeinama, na machozi yalinitoka, na wote wawili walikuwa na adabu ya kutoyaona.

Nimefikiria sana tangu siku ile, na sibadilishi neno. Sheria ni nzuri. Hakuna mtu aliyekanyagwa kwenye mbio zetu hata mmoja, na ingekuwa wanasimama tungeshazika. Ikirudiwa leo, ningempita tena. Na ingeniuma tena. Atakayeniambia nichague moja kati ya hayo mawili, aje anifundishe inavyofanyika.

Kesho yake ya ile Jumapili nikaenda stendi mapema, maana nilijua nafasi hii nimeilipia. Nikamkuta yeye amefika kabla yangu. Hana pikipiki, mkono kifuani, koti limetupwa begani. Nikadhani amekuja kuaga. Kumbe alikuwa amekuja kunikabidhi wateja wake. Kwa yule mwalimu wa shule ya msingi anayempeleka kila asubuhi, akanishika mkono akanipeleka: "Huyu ndiye dereva wako sasa." Muuza parachichi wa sokoni, hivyohivyo. Kila abiria akishuka kwenye basi na kumwita, anamgeuza na kumleta kwangu. Heri angenitukana.

Wa mwisho alikuwa bibi mmoja wa presha, ambaye kila Jumatatu alikuwa akimpeleka kliniki na kumsubiri mpaka amalize. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akanitazama kuanzia kofia mpaka viatu.

"Mama," mwalimu wangu akamwambia, "kuanzia leo utapanda na huyu. Nimemfundisha mwenyewe."

"Ndiye aliyekupita?"

"Ndiye."

Bibi akanigeukia. "Alikuwa chini?"

"Alikuwa chini, mama."

Akafunga kitenge chake vizuri, akanikabidhi mkoba wake wa kadi za kliniki, akashika bega langu akapanda taratibu, mguu mmoja kisha mwingine. Nilimsikia akijiweka sawa nyuma yangu.

"Haya, twende," akasema. "Na nikikwambia simama, usimame."

Nikamjibu nitasimama, nikawasha pikipiki, na sikuweza kumtazama mwalimu wangu mpaka tulipoiacha stendi, nikamtazama kwenye kioo cha pembeni.